Dadangu Kwenye Laini ya Salamu

Kanisa yetu, huku Kitale, upande wa kuelekea Kwanza, ilikuwa na dhambi moja tu. Watu wa kutia maji kwa maziwa walikuwepo. Mzee mmoja alikuwa amesogeza mpaka wa shamba mpaka ndugu yake akabaki na mahali pa kuanika nguo tu. Lakini hayo Mungu alikuwa anaelewa. Dhambi ilikuwa mimba. Na mimba, vile wazee walikuwa wanaona, msichana anajipatia mwenyewe, kama homa.

Dadangu alikuwa anaimba sauti ya kwanza. Tumbo ilipoanza kuonekana chini ya joho ya kwaya, wazee wakamwita. Akatoka huko bila joho, amepewa benchi ya nyuma, ile ya karibu na mlango, haina hata pa kuegemea. Ukiwa umeanguka unakaa hapo. Meza ya Bwana haushiriki, kuimba huimbi, na ibada ikiisha hauingii kwa laini ya salamu.

Hiyo laini ni hivi. Pasta anatoka kwanza, anasimama nje. Wa pili anamsalimia, anasimama kando yake. Wa tatu anasalimia hao wawili, naye anasimama. Hivyo hivyo mpaka laini inazunguka uwanja, kila mtu ameshika mkono ya kila mtu. Isipokuwa aliyeanguka. Yeye anapitia kando ya choo, watakatifu wakimsindikiza na macho.

Mpiga gitaa wa kwaya hakuanguka. Mimba ilikuwa yake, dadangu alijua, mimi nilijua, na yeye alijua kuliko sisi wote. Kila Jumapili alikuwa pale mbele, macho amefunga, anapiga nyimbo za toba mpaka wamama wanalia.

"Niseme?" nilikuwa namuuliza dadangu.

"Ukisema, usiniite dada tena."

"Ati yeye akae na gitaa, wewe ukae na benchi?"

"Wewe ni pilipili tu. Nyamaza."

Mama akampeleka Bungoma kwa shangazi ajifungulie huko, watu wasione, kana kwamba kuna mtu alikuwa hajaona. Tulipofika, mama akaanza kulia mlangoni, ati msichana wake ameanguka. Shangazi akamwangalia dadangu aliyekuwa kwa kiti.

"Mbona mimi naona amekaa? Mpatieni uji."

Mahubiri mazuri ya huo mwaka wote yalikuwa hayo.

Aliporudi na mtoto, wazee wakapanga Jumapili ya kumrudisha. Mimi nikajipanga pia. Shule sikufika mbali, lakini Biblia nilikuwa nimeisoma mwenyewe, nikitafuta mahali pa kuwachapia. Nikapata yule mwanamke aliyeletwa kwa Yesu apigwe mawe. Aliletwa peke yake. Mwanaume alikuwa ameenda wapi, mazoezi ya kwaya?

Dadangu akasimama mbele, akasema ametubu. Mzee wa kanisa akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Dadangu akaniangalia, tu. Nikasema "Bwana asifiwe," nikakaa. Watu wakajibu amina kwa furaha sana.

Tukatoka. Dadangu, mtoto mkononi, akapita kwa laini akisalimia mmoja mmoja, mimi nyuma yake. Tukafika kwa mpiga gitaa. Akanyoosha mkono akiangalia viatu.

"Nishikie huyu kidogo," dadangu akamwambia, "nisalimie watu."

Akamwekea mtoto mikononi, akaendelea mbele. Jamaa angeenda wapi? Kutoka kwa laini ni aibu, na watu walikuwa wanakuja. Kila aliyefika aliangalia mtoto, akaangalia yeye, akaangalia mtoto tena. Yale masikio makubwa ya wote wawili hayakuhitaji shahidi. Mwisho akafika mzee wa kanisa.

"Na huyu ni wa nani?"

Nilifikiri jamaa atasema ameachiwa tu.

"Ni wangu, mzee."

Jumapili iliyofuata kwaya iliimba bila gitaa, na ile benchi ya nyuma ilikuwa na mtu. Nilifurahi vile mkristo hafai kufurahi. Ibada ilipoisha nikamtafuta dadangu kwa laini, nimwambie sasa haki imetendeka. Hakuwa kwa laini. Alikuwa kando ya choo, na joho yake ya kwaya, anangojea jamaa apite ndio amsalimie.

Akamshika mkono. Mimi ningemshika shingo.