Pikipiki Yangu na Dumu la Ukunda
Asubuhi ile niliondoka Mackinnon Road bila mpango wowote, nikitaka tu kuijua pwani. Nilipofika Ukunda, foleni ilinibana. Injini ilichemka mpaka nikahisi miguu yangu inaiva, kisha pikipiki ikazima.

Mbele yangu palikuwa na pikapu iliyobeba madumu ya njano.

"Kaka, pikipiki yangu ina kiu, nigawie maji kidogo," nilimwomba dereva.

Alicheka, akanishushia dumu moja. "Kama ina kiu, inyweshe!"

Nikaimiminia injini. Maji yalikuwa meupe. Nikajiambia maji ya pwani ndivyo yalivyo. Mvuke ukapanda na harufu ya uchachu. Nikadhani ni oili inaungua. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Ilipopoa, nikaendelea na safari.

Alasiri nilifika Gazi, kwa mama mmoja apangishaye vyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chumba kipo, lakini nyumba hii haiingii mlevi."

Sikuwa na pengine pa kulala. "Wallahi, mama, pombe sijaionja tangu nizaliwe."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana sikuijua harufu yake.

Mama aliizunguka pikipiki. Injini ilikuwa inanata, nzi wameijaa. Akaigusa, akanusa kidole.

"Pombe ya mnazi," alisema. "Wewe hujaonja. Na huyu je?"

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Haya, wewe ingia. Huyo mlevi wako atalala nje."