Motokari Iliyotangulia kwa Nyuma Hadi Fizi

Miaka ile ya hamsini nilikuwa kinyozi pale mjini Baraka, kando ya ziwa, na kilichowaleta watu kwangu hakikuwa mkono wangu bali kioo. Kilikuwa kioo kipana chenye fremu ya mbao, nilikinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahamia Albertville. Wanaume wawili walikaa mbele yake karibu kila siku, hata wakati hawakuwa na nywele za kunyoa.

Wa kwanza alikuwa fundi wa motokari, aliyekuwa ametengeneza makamio, malori ya kubeba pamba, kwa miaka mingi. Shingo yake iliumizwa na jeki, na tangu hapo akitaka kutazama pembeni aligeuza mwili mzima. Wa pili alikuwa seremala wa misioni. Huyo hakujua kuendesha hata baiskeli, lakini hakuna aliyempita kwa maneno ya motokari.

Walibishana juu ya kila gari lililopita. Seremala alishikilia kwamba uzuri wa motokari uko nyuma, pale inapoishia, na kwamba wazungu wengi wanaanza vizuri mbele kisha wanachoka. Fundi alisema uzuri uko ndani, kwenye moteri, na aliyebaki nje anatazama bati tu. Siku moja alipita daktari na kigari kidogo cha mviringo. Fundi akaombwa akiangalie, akafungua mbele, akakuta mkoba wa daktari na viatu vya mvua. Moteri ilikuwa nyuma. Alirudi kwangu akaketi akikipa kioo mgongo, kama mtu aliyetoka kwenye msiba.

Seremala alikuwa na motokari yake mwenyewe, ingawa haikutembea. Padri mmoja alipomaliza kazi na kurudi kwao alimwachia gari lake kuukuu, na ndani yake kuku walikuwa wanataga. Moteri ilikuwa nzima. Kilichovunjika ni mhimili wa nyuma, ule wenye meno ya chuma ndani yake ambayo yanazungusha magurudumu, sisi tunauita pon.

Basi kamio moja la pamba likaanguka mtoni, kwenye Mutambala. Dereva alitoka akiwa amelowa tu. Mwenye gari akaokoa pamba na moteri, halafu akatuambia anayetaka vyuma vingine achukue. Tulivuta pon kwa kamba za wavuvi, tukaibeba hadi kwa seremala, na kwa majuma matatu sikunyoa mtu. Niliwapa wateja wangu ruhusa ya kutumia kioo.

Fundi alipoifunga pon ya kamio chini ya gari la padri, nyuma ikainuka juu mno, gari likawa kama panzi anayetaka kuruka. Mimi niliona si kitu. Seremala aliona aibu, akasema hatapanda kitu chenye matako hewani. Walizozana siku mbili. Mwishowe fundi akatafuta amani: akaigeuza pon, upande wa juu ukawa chini, na gari likashuka vizuri kabisa. Seremala alizunguka nyuma yake akitabasamu kama bwana harusi.

Asubuhi iliyofuata fundi akawasha, akatia gia ya kwanza, sisi tunaita vitesi, na gari likaenda kinyumenyume hadi kwenye ukuta wa jiko la seremala. Akatia ya pili. Likarudi ukutani kwa nguvu zaidi. Alipotia ile ya kurudi nyuma, likaenda mbele, polepole, kama ng'ombe mwenye mimba. Ndipo akaelewa kwamba kwa kuigeuza pon alikuwa amegeuza na mwendo. Tulikuwa na vitesi tatu za kurudi nyuma na moja tu ya kwenda mbele.

Fundi alitaka kuifungua siku ileile. Seremala akasimama mbele ya gari.

“Usiiguse, yaya,” akasema, kama mtu anayembembeleza kaka yake. “Motokari iko inaenda. Iko inakosa tu upande.”

Kwa kuwa ilikuwa yake, tukaiacha hivyo. Lakini ilihitaji karatasi ya serikali, na karatasi ilikuwa Fizi, juu mlimani. Kupanda huko kwa vitesi moja tungelala njiani, kwa hiyo tukakubaliana kwenda kinyumenyume. Ikabaki shida ya shingo ya fundi. Wote wawili wakanitazama, kisha wakakitazama kioo changu.

Sikukubali kukiachia. Nilikaa karibu na fundi, nikakishika mbele yetu kwa mikono miwili, pale ambapo kioo cha mbele cha gari kilikuwa kimevunjika zamani. Hivyo fundi aliketi ameelekea Baraka huku akiitazama barabara ya Fizi ndani ya kioo changu, na kila mara aliniomba nitoe kichwa changu njiani. Seremala alikaa kiti cha nyuma, ambacho sasa kilikuwa cha mbele, akiwasalimu watu kama chefu wa kijiji.

Njiani hakuna aliyetuelewa. Bamama waliobeba muhogo walituona tunakuja, wakadhani tunaondoka, wakabaki katikati ya barabara. Katekista mmoja alishuka kwenye baiskeli na kutupungia mkono wa kwaheri hadi tulipomfikia, akarukia kichakani. Niliogopa sana kwenye kona za mlima, lakini kuogopa kulinitikisa mikono, na nikitikisika fundi aliona barabara mbili. Basi nikaacha kuogopa.

Pale Fizi ajenti wa serikali, Mbelgiji kijana mwenye miguu mirefu, alitoka ndani ya biro, ofisi yake, akalizunguka gari mara mbili. Karani wake, mtu wetu, alikuwa na fomu, na fomu iliuliza taa za mbele ngapi.

“Mbele ni wapi?” karani akatuuliza.

“Mbele ni fasi iko inaenda,” seremala akajibu.

Karani akaandika kwamba gari halina taa za mbele bali lina mbili nyuma. Ajenti akasoma, akafuta, akaagiza fundi aende mbele. Fundi akaenda kinyumenyume. Ajenti akaagiza arudi nyuma, fundi akaja mbele karibu amkanyage. Ajenti hakukasirika. Aliketi kwenye ngazi, akafikiri, kisha akatoa karatasi yenye muhuri: gari linaruhusiwa, lakini marufuku kusafiri kwa kutanguliza nyuma.

Tukatii. Tuliteremka toka Fizi kwa vitesi moja, moteri ikilia kama inachinjwa, tukisimama kila kijito kuipa maji. Wale bamama wa asubuhi walitupita, muhogo kichwani, wakatuuliza kama tuna mgonjwa. Tuliingia Baraka jioni, na fundi akashuka akasema kesho anaifungua pon, liwe liwalo.

Hakuifungua. Usiku huohuo alikuja mzee mmoja aliyekuwa anaoza binti yake. Alikuwa ametuona tukipita, akapenda mwendo ule, kwa sababu waimbaji wanaweza kutembea kando ya gari bila kukimbia. Baada ya arusi hiyo zikafuata nyingine, za Wakatoliki, za Waprotestanti, hata za Waislamu wa mwaloni, na seremala akachonga maua ya mbao nyuma, pale palipokuwa na uzuri.

Nami nilipooa, nililipanda na mke wangu. Gari lilichemka katikati ya njia, fundi akaenda kutafuta maji, na tukakaa juani. Mke wangu alivumilia kidogo. Halafu akavua viatu, akakunja gauni, akaniambia, “Mi natangulia.” Nilimwona akienda na waimbaji wote nyuma yake. Nilipofika kanisani walikuwa wamemaliza wimbo wa tatu, na pasta aliniuliza mimi ni nani.