Herufi Moja Baina ya Mawifi

Bi Kazija Machano hakuwa mtu wa kusomewa. Alihitimu Kur-ani angali kigori kwao Mkokotoni, na tangu hapo herufi za Kiarabu zikawa zake. Hata Kiswahili chake alikiandika kwa hizo hizo, kutoka kulia kwenda kushoto. Alipoolewa na mume aitwaye Mmanga na kuhamia Ng'ambo, mjini Unguja, majirani walimjua upesi. Mwanamke akinunua kanga, alipita kwanza barazani kwake, alipokuwa akishona kofia.

"Bi Kazija, hebu nisomee jina lake, isije ikawa nnajitukana mwenyewe."

Naye husoma ule msemo ulioandikwa, na baraza zima hucheka au huguna.

Basi miaka ile ya hamsini ilipoanza, kanga zikaanza kubadilika. Doti mpya zilikuja na majina ya herufi za kizungu, zinazotoka kushoto kwenda kulia. Bi Kazija aliishika ya kwanza, akaigeuza huku na huku, akairudisha kwa mwenyewe bila ya kuisoma. Kuanzia siku ile, naye akawa wa kuuliza.

Wifi yake, Mwanakheir, dada wa Mmanga, aliyekuwa akikaa Mtoni, akajifungua mtoto wa kike. Bi Kazija akaenda Darajani kumtafutia kanga ya uzazi. Muhiddin, mwenye duka, akamtandazia doti nyekundu yenye pambo la korosho pembezoni.

"Imeandikwaje hii?"

"Nimekutia moyoni," alisema Muhiddin.

Hakuna neno lililomfaa wifi yake kuliko hilo. Akainunua, akaipeleka Mtoni, wakakumbatiana. Haikupita juma, Mmanga akarudi kutoka kwa dada yake uso umemkunjamana.

"Umempa nini Mwanakheir? Amelia mpaka maziwa yamekauka. Hija, jirani yake, kamsomea kanga yako. Imeandikwa 'Nimekutoa moyoni'."

 Bi Kazija aliapa, akamtaja Muhiddin, lakini yote hayo yalikuwa maneno ya kuambiwa. Yeye mwenyewe hakulisoma jina lile, na Mmanga hakuzijua herufi hizo. Mwanakheir kaifungia kanga kashani, hataki mtu mwengine aione. Aibu moja, kasema, yamtosha.

Hapo ndipo Bi Kazija alipojiandikisha darasa la kinamama, lililokuwa likisomeshwa baada ya sala ya alasiri kwenye jumba moja la Ng'ambo. Mwalimu wao, Bi Tabia, alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi.

"Shikamoo, Bi Kazija. Kumbe wewe umeshasoma."

"Marahaba, mwanangu. Nshasoma upande mmoja. Nifundishe na huu wa pili."

Alidhani atachoka. Badala yake hamu ilimpanda kama maziwa jikoni. Zile irabu alizozoea kuzitia juu na chini ya herufi kama vijialama, na mtu mvivu akaziacha, kwenye maandishi haya zimekaa mstarini, kila moja na kiti chake. Na p! Maisha yake yote ameandika bata na pata kwa herufi be ile ile, msomaji akisie mwenyewe. Sasa p ina umbo lake, hapana wa kuikosea.

Bi Tabia naye alikuwa na mambo yake. Siku moja aliandika ubaoni: kitabu, vitabu.

"Neno hili tumelipata kwa Waarabu," alisema. "Kwao, ile ki ni ya neno lenyewe. Sisi tukaiona kama ki ya kiti na kisu, ndipo tukapata vitabu."

"Na kabla ya hapo tulisemaje?" aliuliza Bi Kazija.

"Wazee walisema chuo. Chuo ni kitabu. Ndiyo maana pahala pa kusomea pakaitwa chuoni."

Bi Kazija aliiweka chaki chini. Ameingia na kutoka chuoni utoto wake wote, na neno hilo limebeba kitabu ndani yake asijue. Akataka mengine. Akaambiwa meza ni ya Wareno, na leso vilevile. Gari ni la Wahindi. Skuli ni ya Waingereza. Usiku alimhesabia Mmanga yote hayo, mpaka mume akauliza kama wali umebaki kuwa wetu. Kila alipopita njiani alisoma: makopo ya samli, ukuta wa sinema, mlango wa posta. Midomo ilimchezacheza, watu wakidhani anavuta uradi wa kumtaja Mungu.

Siku alipoweza kusoma mstari mzima bila ya kusita, alivaa buibui, akapanda gari la kwenda Bububu, akashuka Mtoni.

"Hodi."

"Karibu," alijibu Mwanakheir, ila hakunyanyuka.

"Wifi, sikuja kujitetea. Nnaomba uifungue kanga ile mbele yangu."

 Mwanakheir akaenda kashani, akaitupa kanga mkekani. Bi Kazija akapiga magoti. Vipi kama Hija kasoma sawa? Akaweka kidole kwenye maandishi.

"Ni-me-ku-ti-a." Akarudia. "Nimekutia. Nimekutia moyoni, wifi yangu."

"Unajisomea unalolitaka."

"Usinisadiki mie, sadiki macho yako. Tazama neno hili la pili, moyoni. Limo duara hapa na duara hapa. Hizo ndizo o. Mwisho wake pana kijiti, hiyo ndiyo i. Sasa rudi neno la kwanza, baada ya hii t nnayokuonesha. Umeona duara au kijiti?"

Mwanakheir aliinama. Korosho moja ya pambo ilikuwa imeigusa ile herufi, ikaivimbisha ubavuni. Mwenye haraka angeiona duara. Alikwangua kwa ukucha pale rangi zilipokutana, akasogea karibu na dirisha, akatazama tena.

"Kijiti," alisema polepole.

Wakatazamana. Mwanakheir akaanza kulia na kucheka pamoja, akamshika wifi yake shingoni, na mtoto kitandani akaamka kwa kelele zao.

"Hata mie nimesoma," alisema Mwanakheir, akijipangusa. "Hiyo i nimeisoma mwenyewe."

"Umeisoma. Lete mkaa nikuoneshe nyengine."

Alasiri ile sakafu ya chumba ilijaa herufi. Mwanakheir alitaka kwanza jina la mwanawe, Sichana, na Bi Kazija akamshika mkono kwenye ile s inayopinda. Hija alipopita kuomba moto, walimweka kitako naye, wakamwonesha ile korosho. Akashika shavu, akaomba radhi, kisha akauliza kama anaweza kujaribu.

Gari la mwisho la mjini lilipopiga honi barabarani, Bi Kazija alikuwa bado amepiga magoti, vidole vyeusi kwa mkaa, akimweleza Hija kwa nini ki ya kitabu si ile ki ya kiti.