Ubao wa Saba Ukitokea Ihanda

Enzi zetu daraja la chuma la njia ya Kanoni lilikuwa na wenyewe. Vile vyuma vilivyofungwa pembetatu pembetatu vilikuwa vya serikali, lakini sakafu ilikuwa ya mbao, na kila kaya ilitunza ubao wake. Wetu ulikuwa wa saba ukitokea Ihanda. Nikienda shule, shavu limejaa kahawa ya kutafuna, nilikuwa naruka juu yake mara mbili nisikie kama bado umekaza.

Mwaka mmoja taata, yaani baba yangu, alipigilia mkaratusi mbichi kwa haraka zake. Ulipokauka ukajikunja, na mama mmoja jirani akajikwaa, mkungu wa ndizi kichwani, akachubuka goti vibaya. Taata alimpelekea jogoo na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaomba radhi mbele ya watu. Kisha akaweka ubao mkavu wa mti mgumu, akachonga jina lake ukingoni. "Mguu wa mtu ukizama kwetu, uso nitauficha wapi?" alisema. Ubao ule ulidumu kuliko yeye.

Mafundi walipokuja kulikarabati daraja, nilimwendea msimamizi wao. Aliniamkia vizuri, nikamwomba ubao wetu, nikamweleza kuwa sina hata picha moja ya baba, nina jina lile tu. "Usijali mama, tutakuwekea." Siku ya tatu nikapanda bodaboda kutoka Omurushaka na kamba yangu ya kufungia mzigo. Nilikuta sufuria la maharage likitokota juu ya moto wa mbao zetu.

"Si mbao tu, mama? Zilishaoza," akasema fundi kijana aliyekuwa akichochea moto.

Hazikuwa zimeoza. Nililia mbele ya vijana wale, na mpaka leo nina hasira nao.

Sasa daraja limepakwa rangi, sakafu ni bati nene la chuma, na vijana wanakuja kupiga picha wamebinua midomo. Juzi nimekuta bolti zimeng'oka, bati limeinuka, pengo linaingiza mguu mzima. Nikamuuliza dereva wa bodaboda nani atalirekebisha.

"La serikali hilo, bibi," akasema, akalikwepa kwa ustadi, akaenda zake.

Wote wanajua kulikwepa. Nilisimama pale mpaka watoto wa shule walipokwisha kupita, nikiwaambia waangalie miguu, na uso unaniwaka kwa aibu.