Tajudini Mpaka Rangi na Albamu ya Ijumaa

Buyenzi ni mtaa wa mafundi, na haujui kunyamaza. Pita asubuhi, pita jioni, nyundo zinagonga bati, injini zinakohoa, mafundi wanaitana kutoka gereji hii hadi ile, na redio za madukani zinagombania hewa. Katika juma zima kuna kimya mara moja tu, wakati wa sala ya Ijumaa. Hapo nyundo hulazwa chini, watu wakasugua grisi hadi viwiko, wakatia udhu, wakaenda. Basi kimya hicho ndicho alichokiiba Tajudini.

Kazi yake ilikuwa kupaka magari rangi katika gereji ya kaka yake, Mohamadi. Aliianza ujanani, bomba la rangi mkononi na kitambaa kimefungwa puani, na wenzake wengine hata hicho kitambaa hawakuwa nacho. Lakini ungemuuliza yeye ni nani, angekwambia ni mwimbaji wa hevi metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma na sauti inayotoka chini ya tumbo kama kitu kinachovunjwa.

Zamani walikuwa watatu: yeye, Armel wa gitaa na Massoudi wa ngoma. Waliwahi kupiga kwenye harusi moja huko Musaga, wakaombwa kwa adabu waache. Massoudi akaoa, akauza ngoma zake. Armel akapata makaratasi ya kwenda Ubelgiji, akaacha nyuma kompyuta yake na mikro, kile kipaza sauti cha kurekodia. Tajudini akabaki na sauti. Akasema haidhuru, atatoa albamu peke yake, na jina litakaloandikwa juu litakuwa lake tu.

Halafu sauti nayo ikaanza kuondoka. Kwanza ilichelewa kuamka asubuhi, baadaye ikawa inalala mapema. Daktari akamchungulia kooni, akamwambia rangi imekula humo, na akitaka abakiwe na cha kusemea na watoto wake, aache kupiga kelele. Tajudini alitoka pale akiwaza jambo moja tu: albamu iishe kabla koo halijaisha.

Nyuma ya gereji kulikuwa na hiyasi, basi dogo lililopata ajali, na mwenyewe hakurudi kulichukua. Akalibandika sponji za magodoro mpaka darini, akaziba madirisha, akaweka humo kompyuta na mikro ya Armel. Kila Ijumaa alimwambia Mohamadi kwamba atasali mjini, karibu na mteja wake, kisha akazunguka nyuma na kujifungia humo. Aliyejua ni mkewe Raihana pekee. Uongo wa siku ya Ijumaa haukumpendeza hata kidogo.

"Baba Seifu," alimwambia, "we unalia kama mbuzi ya Idi yenye ishaona kisu."

Lakini kila Alhamisi alimchemshia tangawizi.

Nyimbo zikapatikana mmoja mmoja. Kulikuwa na wa ngoma zilizouzwa, na wa gari linalopakwa rangi mpya juu ya kutu. Armel, kutoka huko Ubelgiji, alimwandikia azitume kadiri zinavyokamilika, naye aanze kuziwekea magitaa. Tajudini hakukubali. Mpaka rangi hamwonyeshi mwenye gari mlango mmoja. Gari hufunikwa mpaka likauke lote, ndipo linatolewa nje watu walione. Ndivyo alivyofundishwa kazi, na hakujua kufanya kitu namna nyingine. Akamjibu Armel kwamba atampa zote siku moja.

Ukabaki wimbo wa mwisho, ambao mwisho wake ni ukelele mmoja mrefu. Koo likamnyima ukelele huo Ijumaa baada ya Ijumaa. Siku moja likamkubalia. Aliusikia unapanda kutoka nyayoni, ukapita pale penye kidonda bila kukwama, ukatoka mzima kama alipokuwa kijana. Alifumba macho, machozi yanamtiririka, akauacha uende.

Mohamadi alikuwa amerudi gerejini mbio kuchukua kofia aliyoisahau. Akausikia, unatoka ndani ya hiyasi iliyofungwa kila upande. Sasa, fundi gani wa Buyenzi asiyejua hatari hiyo? Mpaka rangi akijifungia ndani ya gari na dawa ya kuyeyushia rangi, mvuke humlevya, akaanguka, akafa hapo hapo. Mwenzao mmoja walimzika hivyo. Mohamadi akaita watu, na waliokuwa njiani kwenda msikitini wakageuka na kanzu zao. Mlango ukang'olewa kwa mtaimbo, Tajudini akaburutwa nje, ndoo za maji ya udhu zikamwagwa humo ndani kuua mvuke. Kompyuta ikatoa moshi kidogo, ikazima.

Mohamadi alikaa matopeni, amempakata mdogo wake.

"Taju, ulikuwa unafanya nini humu?"

"Nilikuwa naimba, kaka." Sauti ilitoka kama karatasi inayokunjwa.

"Kuimba?" Mohamadi akamtazama sana usoni. "Apana. Mi nilisikia mutu anakufa."

Tajudini akageuka kuitazama kompyuta. Na angemkasirikia nani? Watu walikuwa wanamshukuru Mungu, wanampapasa mashavu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mbona hakuwa mjini kwenye sala. Hiyo aibu nayo walimsitiri.

Mafundi walioifungua kompyuta hawakuokoa hata wimbo mmoja. Tajudini akarudi kwenye hiyasi isiyo na mlango, ajaribu tena wimbo wa kwanza. Raihana alisimama nje na kikombe. Alichosikia kilikuwa pumzi tu, kama tairi linalotoka upepo. Akaimwaga ile tangawizi taratibu kando ya ukuta, akaenda zake nyumbani. Armel akaandika, akauliza kulikoni. Hakujibiwa.

Ijumaa iliyofuata Mohamadi alimpitia, wakaenda msikitini pamoja. Watu walifurahi kumwona, wakamsogezea nafasi. Imamu alipomaliza Fatiha, safu zote ziliitikia Amin kwa pamoja mpaka paa likarindima, na Tajudini naye akafungua kinywa. Mohamadi, aliyesimama naye bega kwa bega, alingoja kuisikia sauti ya mdogo wake. Alingoja mpaka imamu akaanza sura nyingine.