Hewa ya Mke Wangu

Mama mmoja wa Lilongwe, anayefundisha watu kuzamia kule ziwani Salima, alikuwa akiniletea kazi sokoni Tsoka: nguo za mpira zilizochanika. Mimi ni fundi cherehani, naishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi, na sindano yangu nzito ilizimudu. Siku moja akatualika, mimi na mke wangu, twende tukajaribu wenyewe.

Mke wangu alikulia kwenye mashamba ya milimani, Fizi, na hakuwahi kuogelea. Mimi ni mtu wa Uvira, mji wa kando ya ziwa. Kanisani nilishajitapa kwamba maji ni nyumbani kwetu, na kwaya nzima ilijua naenda kumwonyesha mama watoto samaki.

Tuliingia kwa miguu kutoka ufukweni, mitungi ya hewa mgongoni, tukifuata mwamba unaoteremka taratibu. Kwanza yule mama alituelekeza namna ya kupumua kwa mpira wa mdomoni. Mke wangu alisikiliza kila neno. Mimi niliitikia kwa kichwa kama mtu anayefundishwa kula ugali.

Chini palikuwa pazuri kweli. Mbuna, vile visamaki vya buluu, walikuwa wakikwangua mawe bila kutujali. Kisha maji yakapenya kwenye miwani yangu. Kidogo tu, yakanifika puani. Nikatema mpira wangu, ambao haukuwa na kasoro yoyote, nikamgeukia mke wangu na kumpokonya wake. Alipojaribu kuushika, nilimsukuma kwa goti.

Yule mama akanikamata ukosi, akanivuta juu na kuniambia nisimame. Nikasimama. Maji yalinifika kifuani.

Mke wangu aliibuka kando yangu akikohoa. Ufukweni, familia iliyokuwa ikila samaki wa kukaanga iliacha kula. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nilikaa juu ya jiwe nimejifunika taulo. Mke wangu alipopata pumzi, alimwomba yule mama amrudishe majini. Wakaenda wameshikana mikono. Nilitazama mapovu yao yakipanda, nikimhofia, huku nikijua sina haki ya kumhofia.

Kwenye minibasi mke wangu alinisimulia habari za samaki mmoja aliyefungua kinywa, watoto wake wakakimbilia ndani kujificha. Aliongea bila kinyongo, na mimi nilitazama dirishani. Wanakwaya walipomuuliza, alijibu tu kwamba ziwa ni zuri. Jumapili ile sikusimama kuimba. Nilidai koo linaniuma.

Siku chache baadaye nilimkuta mlangoni akichambua maharage, nikachuchumaa mbele yake na kumwomba msamaha. Nikaanza kueleza yale maji ya puani. Akanikatiza.

"Acha, baba ya batoto. Ile saa haukuwa we. Niliona macho yako, haikunijua. Njo maana mi sina hasira."

Alikuwa amenifungulia mlango wa kujitetea, na nilitamani sana kuupita.

"Nilikujua," nikamwambia. "Nilijua ni wewe."

Mikono yake ikatulia juu ya sinia. Hakuniangalia. Jirani alipita akatusalimu, tukamjibu wote wawili. Kisha mke wangu akaendelea na maharage yake, nami nikabaki pale nimechuchumaa, miguu ikifa ganzi, kwa kuwa hakuwa ameniambia niondoke. Mwishowe alisukuma sinia katikati yetu. Nikaanza kutoa mawe upande wangu.

Hatujalizungumza tena.