Nyumba Ambamo Watu Hawali

Binti yangu alipofikisha miezi saba alikuwa na msimamo mmoja tu maishani: chakula ni cha watu wengine. Uji wa lishe aliutema. Boga lililopondwa alilitema. Ndizi aliitema kwa utaratibu zaidi, pengine kwa kuliheshimu tunda. Ukimkaribia na kijiko alifunga mdomo kama lango la kambi ya jeshi ya Bilpam, akakutazama kwa macho makavu mpaka wewe mwenyewe ujione umekosa adabu. Nyumbani tukaanza kumwita Mheshimiwa.

Mimi natengeneza redio na paneli za sola, na karakana yangu ni baraza la nyumba yetu ya mtaa wa New Site: meza, kiti, na turubai juu. Ndani kuna chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja tulilala sisi na mtoto, upande wa pili mama mkwe, aliyekuja kutoka kijijini kumsaidia bintiye kulea. Mke wangu ni muuguzi, na likizo yake ya uzazi, iliyokwisha kurefushwa kwa kubembeleza, ilikuwa inaisha. Jumatatu alitakiwa kazini. Hospitali iko upande wa pili wa mji, zamu ni ya kutwa nzima, na maziwa ya mama ukiyakamua kwenye joto la Juba bila friji, adhuhuri unampa mtoto mtindi. Maziwa ya kopo Mheshimiwa aliyakataa pia, bila kutoa sababu.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Mtoto asipokula, mama yake anaacha kazi. Kazi hiyo alikuwa ameipigania miaka mingi, na namjua mke wangu: angeiacha bila kusema neno, halafu tungeishi na hilo neno ndani ya nyumba mpaka tuzeeke. Hilo liliniogopesha kuliko njaa ya mtoto.

Wenzake wa hospitalini walimpa ushauri wa bure. Mtoto hujifunza kwa kuiga, walisema. Kaeni mbele yake, mle, mtafune, mwonekane mnafurahia. Ushauri mzuri sana, kwa watu wanaoweza kula.

Kwetu, mwanamume haonekani akila na mama wa mke wake, wala mama huyo haonekani akila na mkwewe. Hata maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Ni heshima, na sina ugomvi nayo. Ila mimi nilikulia Nakuru, nikala chipsi barabarani mbele ya dunia nzima, kwa hiyo niliporudi nyumbani nilikuwa na ile bidii ya mtu aliyejifunza adabu ukubwani. Waliozaliwa na desturi wanajua pa kuilegeza mambo yakibana. Mimi sikulegeza hata uzi. Nilikula nyuma ya pipa la maji, nikiwa nimechuchumaa kama mwizi wa kuku, au nilikwenda mpaka mtaa wa Hai Cinema kutafuta sahani ya maharagwe. Mama mkwe asije akasema bintiye ameolewa na Mkenya.

Basi nikaamua kumfundisha Mheshimiwa kula bila kula. Nilikaa naye barazani, bibi yake akiwa hatua chache ndani ya mlango, nikachukua kijiko kitupu, nikakitia mdomoni, nikatafuna hewa, nikameza, nikajipapasa tumbo na kuguna kwa raha. Nikarudia asubuhi na jioni. Wateja walioleta redio zao walisimama kimya na kuniangalia, na mmoja alichukua redio yake akaondoka nayo.

Mheshimiwa alishika somo vizuri kupita kiasi. Alifungua mdomo kupokea kijiko kitupu, akatafuna, akameza, akajipapasa tumbo. Alikuwa na furaha. Nikitia uji humo kijikoni alikunja uso kama mtu aliyeuziwa kitu feki, akautema, akanyoosha mkono kudai kile kitupu.

Jumamosi nikambeba hadi dukani kwa Msomali mmoja aliyehamia kutoka Kenya, kununua aina nyingine ya unga wa watoto, maana mtu akishindwa hununua kitu. Pembeni mwa duka, mama mmoja wa Uganda muuza chapati alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akila chakula chake cha mchana. Mheshimiwa akamwona. Shingo ikasimama. Tonge likienda, macho yakaenda nalo; mdomo wa yule mama ukifunguka, na wake ukafunguka. Alijipinda mikononi mwangu mpaka nikadhani ataanguka.

Yule mama akacheka, mdomo umejaa. "Huyu mtoto, nyumbani yenu watu hapana kula?"

Nami nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Wanawake wakila, mimi hupewa mtoto niende naye barabarani, mume mwema kabisa. Mimi nikila, mtoto hubaki na wanawake. Miezi saba tulikuwa tukipokezana binti yetu kwa uangalifu mkubwa, na katika miezi hiyo yote hakuwahi kumwona mtu akitia chakula mdomoni. Kwa ushahidi wote aliokuwa nao, kijiko kilikuwa kitu cha kuadhibia watoto.

Nilimweleza mke wangu. Alicheka mpaka akalia, kisha akaenda nyuma ya pazia kumweleza mama yake, na huko sikusikia mtu akicheka. Jumapili walijaribu. Mheshimiwa alipakatwa mbele ya sinia na mama yake, akaitazama sinia, akalitazama titi, akachagua titi. Jioni mama mkwe akajaribu peke yake, lakini mimi nilikuwa barazani na pazia letu ni jepesi. Alikula amegeukia ukuta, ncha ya toubi, ile shuka anayojitanda, imefunika mdomo. Mtoto naye akageukia ukuta.

Jumatatu mke wangu aliondoka asubuhi bila kugeuka nyuma. Alisema kama hakuna kitakachobadilika siku hiyo, atamwambia mkuu wake atafute mtu mwingine. Hakusema kwa hasira, na hilo lilinikata zaidi.

Kisha mvua ikashuka. Turubai likajaa maji kama tumbo, likapasuka, na nikahamishia redio zote ndani, hata kitandani. Njia ya kwenda barabarani ikawa mto. Mheshimiwa alianza kulia saa nne, akatema uji, akatema maziwa ya kopo, na kufikia adhuhuri kilio chake kilikuwa kimekauka, kile cha mtoto asiyetaka tena kumshawishi mtu. Kwenye simu ukaingia ujumbe wa mke wangu: amekula? Nikaigeuza simu kifudifudi.

Mama mkwe akaleta sinia, asida na kudra, yaani ugali na majani yaliyopikwa kwa karanga, akaiweka chini katikati ya chumba. Nikajua zamu yangu. Nikampa mtoto, nikavuta gunia nijifunike kichwa, nikashika mlango.

"Mwambie baba yako asitoke," akamwambia mtoto. "Sinia ni moja."

Nikabaki nimesimama na gunia langu kichwani. Akamketisha mtoto, akaketi mbele yake, akashusha toubi shingoni. Akakata tonge, akachovya, akala, mdomo wazi, kwa sauti, ili mtoto aone kila kitu, nami nikaona. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuona meno yake. Mawili ya mbele hayakuwepo. Aliona aibu, niliona aibu, na nilimpenda yule mama wakati ule kama mama yangu mwenyewe.

Nikaketi. Nikakata tonge, nikachovya, nikala mbele yake. Nikakata la pili.

Mheshimiwa alimtazama bibi yake, akanitazama mimi, akarudi kwa bibi. Halafu akatia kiganja kizima katika kudra na kukipeleka mdomoni. Nusu ilibaki mashavuni. Nusu ilishuka. Akapeleka kiganja tena, na hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa sisi wawili tuliogopa hata kupumua.

Mke wangu alirudi jioni, ameloa mvua mgongoni na maziwa kifuani. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kupokea matokeo.

"Amekula," nikamwambia.

"Kalishwa na nani?"

"Amekula na sisi."

Akamtazama mama yake, akanitazama. "Sisi nani?"

Mama mkwe alikuwa akisugua sinia, na toubi lake lilikuwa limerudi juu ya mdomo.

"Kesho uwahi kazini," alimwambia binti yake.